Dawa ya Upele ni ya Nyumba Nzima

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma watoto hulala pamoja chini ya blanketi moja, na hapo upele hupata njia. Mdudu wake huchimba ngozi na kutaga mayai humo, lakini mwasho waweza kukawia majuma 4 hata 6. Basi asiyejikuna leo huenda anao.

Kwa hiyo wote wa nyumba wapakwe dawa siku moja. Akipakwa mmoja tu, ugonjwa utarudi. Permethrini ya asilimia 5 hupakwa jioni toka shingoni hadi nyayoni, huoshwa asubuhi, na hurudiwa baada ya siku 7. Mtoto mchanga apelekwe kwanza zahanati. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto. Mwasho ukibaki majuma 2 au 3, usizidishe dawa. Ngozi hupona polepole.