Little Bighorn: walikufa juu ya dhahabu

Wengi wetu tunajua jina la Custer kwa filimu: afande wa nywele ndefu, anazungukwa na maadui, anakufa pamoja na basoda wake. (Siku ile nywele alikuwa amezikata, lakini filimu hazipendi hivyo.) Sisi wa migodini tunauliza kwanza: alikuwa anafuata nini kule?

Mwaka 1868 serikali ya Marekani ilifunga mkataba na Walakota kule Fort Laramie. Milima ya Black Hills ikabaki mali yao. Kifungu cha 12 kilisema wazi: hakuna udongo utatolewa bila sahihi za robo tatu ya wanaume wazima. Ndugu, kamata hiyo namba vizuri.

Mwaka 1874 Custer akaingia katika milima ile na watu karibu 1000. Wakaona dhahabu. Habari ikatoka, wachimbaji wakamiminika, na mkataba ukakanyagwa. Serikali ikataka kununua, Walakota wakakataa. Wale waliokuwa mbali kwa kuwinda wakaamriwa kurudi mbele ya 31 Januari 1876, katikati ya baridi kali. Hawakurudi, njo vita.

Custer alimaliza shule ya maofisa mwaka 1861, wa mwisho katika darasa lake. Vitani alipanda mbio, akawa jenerali na miaka 23. Tarehe 25 Juni 1876, kando ya mto Little Bighorn, alikuwa na watu karibu 600 wa rejimenti ya 7. Akawagawa vipande vipande mbele ya kijiji kikubwa sana cha Walakota na Wacheyenne. Yeye na watu karibu 210 aliokuwa nao wakakufa wote, na wadogo wake wawili, Tom na Boston. Reno na Benteen walijikaza juu ya kilima na wengi wao wakapona. Si kweli kwamba rejimenti yote ilikwisha.

Walakota walishinda siku ile. Kisha serikali ikawaambia: toeni milima, ama chakula kinakatwa. Sahihi zilizopatikana? Karibu mtu mmoja kwa kumi. Mwaka 1877 sheria ikachukua milima hata hivyo, na mgodi wa Homestake ukachimba dhahabu pale mpaka 2002.

Mwaka 1980 Korti Kuu ya Marekani ilikubali kwamba udongo ulichukuliwa bila malipo ya haki, ikaamua walipwe zaidi ya dola milioni 100. Walakota hawajagusa hata senti. Wanataka milima yao, hapana falanga.