Maumivu ya Shingo na Mabega: Tiba Ianze Nyumbani, Ikamilike Kazini

Kipupwe kinapoingia Dodoma, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, joto la usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Sentigredi, na upepo wa uwanda wa kati huvuma pasipo kizuizi. Katika mitaa ya Ipagala, upande wa mashariki wa jiji, huo ndio wakati ambapo mtu humwona jirani yake akigeuza kiwiliwili kizima ili amwitikie anayemwita kwa nyuma, kwa kuwa shingo imekataa kugeuka. Ukimwuliza limemsibu jambo gani, atakujibu kwamba upepo umempiga, au kwamba amelalia shingo vibaya. Kisha atameza vidonge viwili, atajifunga shali, na kuelekea kazini kana kwamba hakuna lililotokea.

Miongoni mwa majirani hao wamo ndugu zetu wa visiwani, watumishi wa Serikali ya Muungano, waliozoea joto la Unguja na Pemba ambako hata usiku wa Julai hauhitaji blanketi zito. Wamo pia wale wanaofika kwa muda tu, wakati Bunge linapokutana kwa mkutano wa bajeti, ambao huanza Aprili na kuishia Juni, baridi inapoanza kukaza. Kwa hao wote, na kwa wakubwa wa kazi wanaowaongoza, tunapenda leo kusema machache juu ya maradhi haya ambayo kila mtu huyaona madogo mpaka yampate mwenyewe.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973. Utekelezaji wake ulikwenda polepole kwa miaka mingi, hadi Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali yote ihamie. Mwaka 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya jiji, na mwaka 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba. Katika miaka yote hiyo yalizungumzwa mengi juu ya nyumba, maji, barabara na nauli. Mwili wa mtumishi mwenyewe, unaoinama mezani kutwa kucha, haukupata wasemaji wengi.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni malalamiko ya wavivu. Uchunguzi wa kimataifa kuhusu mzigo wa maradhi ulikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo. Sababu zake aghalabu si za ajabu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, nacho kimesimamishwa juu ya pingili 7 za shingo, zikishikiliwa na misuli itokayo kisogoni hadi mabegani. Kichwa kikiwa wima, kazi hiyo ni nyepesi. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma hulazimika kukivuta kisianguke, kama mvuvi anavyoivuta kamba ya tanga wakati wa upepo. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwa hesabu kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, kama ainamavyo mtu anayesoma simu mapajani, shingo hubeba mzigo unaolingana na kilo 27 hivi.

Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Hivyo basi, karani ambaye hajapata kujitwika ndoo maishani mwake huenda akabeba zaidi ya ndoo moja kila siku bila ya kujua. Lakini haki yatulazimu kuongeza kwamba mama wa Kigogo anayejitwika ndoo hiyo hasa, juu ya ngata, pamoja na kuni za jioni na mtoto mgongoni, anabeba mzigo ambao si wa hesabu tu. Naye jioni hushika shingo yake vilevile, ila yeye hana ruhusa ya ugonjwa ya kuomba.

Ndipo tunapofika kwenye tiba. Tunasema kwa furaha kwamba maumivu mengi ya shingo na mabega hupungua yenyewe baada ya siku au wiki chache, na kwamba msaada ulio bora mara nyingi umo ndani ya nyumba.

La kwanza ni joto. Kanga iliyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, iwekwe begani kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Bibi zetu wa visiwani walikanda hivyo kwa vizazi vingi, na hospitali hazijawapinga. Joto hulegeza msuli uliokaza na kuipa damu njia. Lakini kwanza lipimwe kwa ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia asikandwe bila ya mtu mwingine kupima joto hilo, maana ataungua pasipo kujua. Ikiwa shingo au bega limeumia ghafla, mathalani kwa kunyanyua mzigo, siku mbili za mwanzo barafu iliyofungwa katika kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15, huweza kufaa zaidi.

La pili ni kusinga na kukanda kwa mkono. Mkono uwe mwepesi, uteleze kutoka kisogoni kwenda begani, nao usibonyeze mfupa. Mafuta ya nazi yatosha. Wenzetu wa Pemba watatuuliza: na mafuta ya karafuu je? Tunajibu kwamba yana nafasi yake, kwa kuwa yana kemikali iitwayo eujenoli ambayo hutia ganzi kidogo na kuleta hisia ya uvuguvugu. Lakini ni makali. Yasipakwe matupu hata siku moja. Matone mawili au matatu katika vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi yanatosha, na yasiguse jicho, kidonda, wala ngozi ya mtoto mchanga. Wala tusiyape sifa isiyo yao: kazi kubwa hufanywa na mkono unaokanda, na mafuta ni msaidizi tu.

La tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kuisogeza shingo. Zamani mgonjwa aliambiwa alale na atulie. Siku hizi wataalamu wanakubaliana kwamba kulala siku nyingi huzidisha ukakamavu. Geuza kichwa taratibu kulia, kisha kushoto, hadi pale maumivu yanapoanza, usipite hapo. Vuta kidevu nyuma kana kwamba unataka kisogo kiguse ukuta. Pandisha mabega hadi karibu na masikio, kisha yaachie yashuke. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni.

Yuko atakayesema kwamba hana nafasi. Huyo tunamwelekeza Denmark, ambako mwaka 2011 ilitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wafanyakazi 198 waliokuwa na maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Kundi moja lilifanya zoezi la kuvuta mpira kwa dakika 12 kwa siku, kundi la pili kwa dakika 2 tu, siku tano kwa wiki, muda wa wiki 10. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko kundi la tatu ambalo halikufanya zoezi hilo. Dakika mbili! Mpira wenyewe si wa kuagizwa ng'ambo. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, uliochakaa, kikikanyagwa katikati na kuvutwa kwa mikono miwili iliyonyooshwa kando hadi usawa wa bega, kitafanya kazi hiyo hiyo. Anza kwa mvuto mwepesi, uongeze kadiri mwili unavyopata nguvu.

La nne ni malazi. Mto uwe mmoja, wenye kimo cha kujaza nafasi iliyopo kati ya sikio na godoro mtu anapolalia ubavu. Anayelala kifudifudi hulazimika kusokota shingo usiku kucha, naye asishangae asubuhi. Mgeni wa visiwani asione haya kununua sweta na blanketi, kwa sababu mtu mwenye baridi hupandisha mabega pasipo kujua, na msuli uliopandishwa saa nyingi huchoka na kuuma. Upepo unaolaumiwa sana Ipagala una hatia, lakini hatia yake ni hiyo.

Sasa tuonye. Tunamfahamu ndugu mmoja, mzaliwa wa Unguja aliyepanga chumba Ipagala, ambaye kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akinunua diklofenaki dukani kila wiki, akaimeza asubuhi na jioni, mara nyingi kabla ya kula, ili aweze kukaa mezani. Siku moja alfajiri alitapika damu. Alilazwa, akatibiwa, akapona, nasi twamshukuru Mungu. Alipotoka hospitali tumbo lilikuwa limepata nafuu, na shingo ilikuwa ingali ikimuuma, kwa kuwa kiti, meza na mkao wake vilikuwa vile vile. Dawa za jamii hiyo zina faida, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila ya ushauri huweza kuchimba tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Hata parasetamoli ina mpaka: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24.

Tunaonya pia juu ya desturi ya vinyozi kumnyonga mteja kichwa hadi shingo ialike. Mteja hutoka akicheka. Hata hivyo mishipa ya damu iendayo ubongoni hupita humo shingoni, na imepata kutokea, japo kwa nadra, mshipa ukachanika na mtu akapatwa na kiharusi. Kinyozi na anyoe nywele.

Na yapo maumivu ambayo hayangoji kanga wala karafuu. Shingo ikikakamaa pamoja na homa, kichwa kikali na kuchukia mwanga, huenda ni uti wa mgongo, ule ugonjwa wa utando wa ubongo unaoweza kuua kwa muda mfupi. Bega au mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi fupi, huenda ni moyo. Mkono ukiingia ganzi au kupoteza nguvu, miguu ikilegea, haja zikishindwa kuzuilika, au maumivu yakifuata ajali, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu yasiyopungua baada ya wiki sita, au yanayofuatana na kukonda, nayo yaonwe na daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tumesema tiba ianze nyumbani. Hatukusema iishie huko. Mtu hawezi kukandwa usiku na kuumizwa mchana, siku baada ya siku, akapona. Nchi hii inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, na upo Wakala uliopewa kazi ya kuisimamia. Tunatoa mwito kwa wakuu wa idara waikumbuke sheria hiyo si kwa viwanda na migodi peke yake, bali pia kwa chumba cha karani. Kiti kiwe na mgongo, na miguu ifike chini. Kioo cha kompyuta kiinuliwe hadi usawa wa macho, hata kwa kuwekewa marundo ya karatasi zisizotumika. Saa nne asubuhi na saa nane mchana, kila ofisi isimame dakika mbili tu, wavute mpira. Hakuna fungu la bajeti linalohitajika kwa hilo, ila mkuu wa idara mwenyewe awe wa kwanza kusimama.

Na kwa wale wanaopanga maji na makazi, tunasema kwamba kila bomba linalosogezwa karibu na mlango wa nyumba ni tiba ya shingo ya mama. Mwenye mkokoteni, punda au baiskeli na abebe madumu kwa hivyo, na wanaume wa nyumba washike zamu. Si haki mzigo wa familia nzima ukae juu ya kichwa kimoja.

Ndugu zetu wa visiwani walioletwa na kazi katika uwanda huu wamekuja kulijenga taifa, na wenyeji wa Ipagala wamewapokea. Tungependa siku watakapostaafu na kurejea kwao waweze kugeuza shingo pasipo maumivu, kumtazama jirani anayewaaga.