Ugonjwa wa Devic: Pesa Ianzie Wapi?

Jicho likiuma na kupoteza nuru ghafla, kisha miguu ikafa ganzi, huenda kosa si la jicho. Katika ugonjwa wa Devic, kinga ya mwili huzigeukia neva za macho na uti wa mgongo. Ni adimu, lakini huwapata zaidi wanawake, na watu wa asili ya Afrika kuliko Wazungu. Shambulio moja laweza kuacha upofu wa kudumu, hivyo dawa hutumiwa kuzuia linalofuata.

Shilingi ya kwanza iende kwenye kipimo cha damu cha kingamwili ya akwaporini-4, iliyogunduliwa mwaka 2004. Omba kinachotumia seli; cha ELISA hukosea zaidi. Usikiruke ili kubana matumizi: ugonjwa huu hufanana na ugonjwa mwingine wa neva, multipo sklerosisi, na baadhi ya dawa za huo mwingine, kama interferoni beta, huuchochea.

Kisha dawa. Nchini Marekani, Enspryng, sindano ya kila mwezi ambayo mgonjwa hujichoma nyumbani, iliingia sokoni 2020 kwa takriban dola 190,000 kwa mwaka, na mwaka wa kwanza huzidi hapo. Uplizna, dripu ya kila miezi sita, ilikuwa 262,000 mwaka huohuo. Soliris, dripu ya kila wiki mbili, huvuka 500,000! Hata hivyo inafanya kazi: katika jaribio lake walioshambuliwa tena ni 3 kati ya 96, na 20 kati ya 47 waliopewa dripu isiyo na dawa.

Anayelipa kutoka mfukoni ningemwelekeza kwenye rituksimabu. Asili yake ni dawa ya limfoma, na nakala zake, zikiwemo za India, ni nafuu kuliko ile ya kwanza. Huko Japani, kati ya wagonjwa 19 walioipata hakuna aliyeshambuliwa ndani ya wiki 72. Kati ya 19 wasioipata, 7 walishambuliwa. Hurudiwa kila miezi sita, baada ya kupimwa homa ya ini B na kifua kikuu.

Vidonge vya azathioprini ndivyo rahisi kabisa, ila huchukua miezi kushika, prednisoloni ikishikilia zamu, na damu na ini hupimwa mara kwa mara. Jumlisha vipimo na nauli. Hata hivyo, azathioprini isiyokatika ni bora kuliko rituksimabu ya dozi moja. Kwa hiyo muulize daktari gharama ya mwaka mzima kabla hujalipia dripu ya kwanza.