Sendika: Sadaka au Haki?

Mjane mmoja alifika kwetu misioni kuomba chakula. Bwana wake alitumika miaka kumi na tisa katika kompani moja ya mji wetu, kisha akafa. Tulimpa unga na mafuta, naye akashukuru sana. Siku nyingine akatuonyesha karatasi za mshahara za marehemu: kila mwezi alikatwa fedha kwa ajili ya uzee wake na ya jamaa yake. Tukaenda naye kuuliza ofisini. Fedha ile haikufikishwa huko hata mara moja.

Ndipo tulipotambua kosa letu. Tulikuwa tumempa sadaka mtu mwenye haki, wala hatukumwuliza neno juu ya haki yake.

1. Sendika ni nini?

Wakristu wengi hudhani sendika ni chama cha ugomvi. Sivyo. Mtumikaji akiwa peke yake huogopa kupoteza kazi, hivyo hunyamaza. Wakiungana, wanaweza kusema na bwana kazi bila hofu. Papa Leo XIII alikubali haki hiyo ya kuungana katika barua yake Rerum novarum ya mwaka 1891, na Papa Yohane Paulo II aliifundisha tena mwaka 1981 katika Laborem exercens.

2. Mambo yaliyopita kwetu

Desemba 1941, kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, watumikaji wa Union Minière waligoma. Vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu, nao walitaka mshahara uongezwe. Askari wakawapiga risasi, wengi wakafa. Wakati ule watumikaji weusi hawakuwa na ruhusa ya kuwa na sendika. Walipata ruhusa mwaka 1946, tena chini ya ulinzi wa Serkali. Mwaka 1956 ilitoka amri juu ya pensheni yao, na mwaka 1961, baada ya uhuru, sheria ya usalama wa watumikaji. Mwaka 1967 sendika zote zililazimishwa kuwa moja, iliyoitwa baadaye UNTZA. Uhuru wa kuunda nyingine ulirudi mwaka 1990.

3. Sheria ya leo

Kuna mfuko uitwao CNSS, unaofuata sheria ya mwaka 2016. Mfuko huu una kazi tatu: kusaidia jamaa zenye watoto, kusaidia mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, kutoa pensheni kwa wazee, vilema, wajane na yatima. Katika kila franka 100 za mshahara, mtumikaji hukatwa 5, na bwana kazi huongeza 13 zake mwenyewe. Basi fedha hii si zawadi ya mtu. Ni jasho la mtumikaji.

Lakini sheria haijilindi yenyewe. Nani atauliza kama fedha iliyokatwa imefika? Hiyo ndiyo kazi ya wajumbe wa sendika waliochaguliwa na wenzao: kudai hesabu, kumwita mkaguzi wa kazi, na kuidai Serkali ibadilishe sheria pensheni inapokuwa haitoshi hata kununua unga.

Mtu atasema: wakubwa wengine wa sendika hula fedha ya wenzao. Ni kweli, hutokea. Lakini hakimu mbaya hatufanyi kuchukia haki. Watumikaji wachague wajumbe waaminifu, nao wadai hesabu kwao pia.

4. Na sisi?

Si kazi ya padri kuongoza sendika. Kazi yake ni kufundisha. Katekista, mjane akibisha mlango, mpe chakula, kisha mwulize: "Mama, karatasi za kazi ziko wapi?" Halafu umpeleke kwa mjumbe.

Tuanze nyumbani mwetu. Mpishi wa misioni, mlinzi wa usiku, fundi wa matofali: je, majina yao yameandikwa CNSS? Mtume Yakobo anaonya kwamba mshahara uliozuiliwa hulia mbele ya Mungu. Tusihubiri neno hilo kwa wenye kompani tu, na kumbe mpishi wetu anatusikiliza kutoka jikoni.