Fuvu la Berlin na Pomboo wa Kizimkazi

Pomboo akigeuka ubavu kando ya boti huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mtazame tumbo. Akiwa amekomaa utaona madoadoa ya kijivu, mithili ya majivu yaliyomwagika. Ana mwili mdogo na mdomo mrefu kiasi, mwembamba. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliziona tofauti hizo kuwa za kawaida tu: pomboo wote wa jamii hii, walisema, ni spishi moja, Tursiops truncatus.

Maji ya China ndiyo yaliyotoa ushahidi mzito wa kupinga hilo. Huko, mwenye madoa na asiye na madoa huishi bahari moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima mafuvu yao na kusoma vinasaba, na njia zote mbili zikawagawa vilevile. Wanyama wanaokutana bila kuchanganya damu hawawezi kuitwa spishi moja.

Huyu wa madoa tayari alikuwa na jina, aduncus, lililotolewa na mwanasayansi Ehrenberg miaka ya 1830 kwa pomboo wa Bahari ya Shamu. Fuvu la pomboo huyo limetunzwa Berlin, na kwa kanuni za sayansi jina halibanduki kwenye fuvu lake. Mwaka 2007 mtafiti William Perrin na wenzake walichapisha vipimo vya fuvu hilo pamoja na vinasaba vilivyopatikana kutoka kwenye mfupa huo mkongwe. Vinasaba hivyo vilielekea zaidi kwa pomboo wa madoa wa Afrika Kusini kuliko wa China. Kwa hiyo, hao wa China wakija kutengwa kama spishi nyingine, wao ndio watakaotafutiwa jina jipya.

Pomboo wa Unguja nao, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha, wamo katika tawi moja na hao wa Afrika Kusini. Lililonigusa zaidi ni hili: wa kaskazini na wa kusini mwa kisiwa wanatofautiana kwa vinasaba vya mitokondria, ingawa umbali kati yao ni kilomita zipatazo 80 tu. Vinasaba hivyo mtoto huvipata kwa mama peke yake. Maana yake majike hawahami ovyo. Binti hubaki kwenye maji ya mama na bibi yake.

Zamani wavuvi waliwaua pomboo hawa ili wawe chambo cha papa, na hadi leo nyavu za jarife huwanasa. Jike akizama wavuni Kizimkazi, tusitarajie wa Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, aje upesi kushika nafasi yake.