Cha juu hakifutwi kwa sadaka

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, swali huulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa. Guta limeshapakiwa mifuko kumi ya saruji, fundi anahesabu chenji, na muuzaji amefungua kile kitabu cha risiti za mkono kinachokaa chini ya meza. "Fundi, niandike ngapi?" Hajaombwa, amezoea tu. Mfuko umeuzwa 16,000. Risiti itasomeka 17,500. Mwenye nyumba yuko ofisini, atatumiwa picha ya risiti kwenye simu na hela itaingia kabla ya jioni. Fundi atakuwa amepata 15,000 ya cha juu kwa siku hiyo moja, na wote watatu wataachana kwa amani.

Hakuna kufuli lililovunjwa wala mtu aliyetishwa, na labda ndiyo sababu jambo hili halitajwi sana madhabahuni. Mwulize muumini yeyote kuhusu maadili ya Kikristo, atakutajia pombe, uzinzi na mavazi. Hayo yana nafasi yake. Lakini maisha ya mtu mzima mjini yamejaa risiti, vipimo, mishahara na ahadi za malipo, na imani isiyo na neno la kusema kwenye kaunta hiyo imekubali kukaa nje ya sehemu kubwa ya maisha ya waumini wake.

Biblia yenyewe haikukaa nje. Soma sura ya 19 ya Mambo ya Walawi kwa utulivu. Aya ya 18 ndiyo ile amri ya kumpenda jirani ambayo Yesu, katika Mathayo 22, aliiweka pamoja na amri ya kumpenda Mungu na kusema torati yote na manabii vinaning'inia hapo. Sasa tazama imepakana na nini. Aya ya 9 na ya 10 zinamtaka mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, amwachie maskini na mgeni. Aya ya 13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri wake hadi asubuhi. Aya ya 35 na ya 36 zinataka mizani na vipimo vya haki, na sababu inayotolewa ni ya kihistoria: Mungu anayeagiza hivyo ndiye aliyewatoa Misri. Waliopunjwa na Farao wasije wakawa wapunjaji wa wengine. Huo ndio msingi, na ni mpana kuliko orodha ya makatazo. Jirani ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, nawe ni mtu uliyeokolewa bure. Kumwibia huyo ni kusahau umetoka wapi.

Yohana Mbatizaji aliuleta msingi huo chini kabisa, mpaka kwenye kazi za watu. Katika Luka 3 watoza ushuru wanamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi wakahamie jangwani. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari nao aliwakataza kuwatoza watu fedha kwa nguvu na kuwasingizia, akawataka waridhike na mishahara yao. Toba ya mtoza ushuru ilikuwa na tarakimu.

Zakayo aliielewa vizuri kuliko wengi wetu. Sheria ya Musa, katika Walawi 6, ilimtaka mtu aliyekiri mwenyewe arudishe mali yote na kuongeza sehemu moja ya tano. Aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza, kwa mujibu wa Kutoka 22, alirudisha kondoo wanne. Zakayo hakuchagua ile nafuu ya anayekiri. Alijitwisha adhabu ya mwizi, mara nne. Na aliziweka fedha zake katika mafungu mawili ambayo sisi huyachanganya: nusu ya mali kwa maskini, hiyo ni sadaka, kisha mara nne kwa kila aliyedhulumiwa, hilo ni deni. La kwanza halikumeza la pili. Fundi anayetoa fungu la kumi la cha juu Jumapili amempa Mungu 1,500 ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba bado anadai 15,000 yote.

Kanda yetu ilishawahi kuliishi jambo hili, tena kwa nguvu iliyoshangaza dunia. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake. Kutokana na urafiki huo, katika miaka ya 1930, ukawaka Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulipita Rwanda, Uganda na Burundi, ukafika Kenya, ukaingia Tanganyika kupitia Buhaya, ambako Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri na mwaka 1977 rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mmoja wa watoto wake. Leo tunaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza na salamu za "Bwana asifiwe". Lakini kilichowashtua majirani wa wakati huo kilikuwa kurudisha. Watu walikiri hadharani, kisha wakainuka kupeleka kilichoibwa: vifaa kwa mwajiri, mifugo kwa mwenyewe, fedha kwa aliyekwisha kuzisahau. Wenyewe waliita kutembea nuruni, na mtu ambaye nuru hiyo haikufika mfukoni mwake hakuaminiwa haraka.

Najua uamsho huo ulikuwa na kasoro zake. Kukiri mbele ya kundi kuliwaaibisha wengine bila sababu, na wapo waliokaguana kuliko kupendana. Lakini tulipoacha ukaguzi tuliacha na kurudisha, na hilo naliona ni hasara kubwa. Tumebaki na toba ya machozi, ambayo haimgharimu mtu hata shilingi.

Wala si jambo la walokole peke yao. Kile Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 kinawaonya wanaojiandaa kwa Meza ya Bwana wawe tayari kufidia madhara waliyomtendea yeyote, kwa uwezo wao wote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ikifafanua amri ya saba, inataja kwa majina kughushi hundi na ankara, kazi iliyofanywa vibaya na ukwepaji wa kodi, kisha inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Ankara ya kughushi, kumbe, ipo kwenye katekisimu. Iliyopungua ni mahubiri juu yake.

Fundi naye ana neno lake, na lisikilizwe. Atakwambia mwenye nyumba alimkatia bei ya ufundi mpaka ikabaki nusu, malipo ya mwisho anayazungusha tangu mwezi uliopita, na bila cha juu watoto hawali. Hii haiifanyi risiti kuwa ya kweli. Lakini inamgusa mwenye nyumba vilevile, ambaye huenda ni mzee wa kanisa. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unalia, na kilio kimefika kwa Mungu. Mshahara wa dada wa kazi unaosubiri "mambo yakae sawa" uko kwenye aya hiyohiyo. Tajiri asimdai fundi uaminifu huku yeye amekalia jasho lake.

Na kama uliyempunja humjui tena, au amefariki? Hesabu 5 inataka fidia iende kwa jamaa wa karibu, na asipokuwapo, kwa kuhani. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliongeza kwamba mwenye mali asipojulikana baada ya kutafutwa kwa bidii, apewe maskini kwa niaba yake. Hapo tu ndipo sadaka inashika nafasi ya deni. Asiye na uwezo wa kulipa leo, anasema, halazimiki kulipa leo. Anapaswa kumwendea mwenyewe, ama kumwomba amsamehe, ama kumwomba muda. Kwa fundi wetu hiyo ni simu moja isiyo rahisi: "Bosi, zile saruji za msingi nilikuwekea cha juu, jumla 15,000. Naomba uikate kwenye malipo ya mwisho." Bosi anaweza kumfukuza kazi. Anaweza pia kukumbuka kwamba hayo malipo ya mwisho hajayatoa mpaka leo.