Shelisheli na kampuni zisizofika Shelisheli

Mkoa wa Rukwa una watu zaidi ya milioni moja na nusu. Shelisheli nzima, yenye visiwa 115 vilivyotawanyika Bahari ya Hindi upande wa kaskazini-mashariki ya Madagaska, ina watu laki moja na kitu. Ukikusanya ardhi yake yote haifiki kilomita za mraba 460. Wengi wanaishi kisiwa cha Mahé, ulipo mji mkuu Victoria, na waliobaki wako zaidi Praslin na La Digue. Wanazungumza Krioli, Kiingereza na Kifaransa, na wanaishi kwa watalii na samaki jodari, ambao husindikwa katika kiwanda kikubwa pale Victoria. Msomaji wa Sumbawanga, aliyezoea nyanda pana za mahindi, maharage na ulezi, ana haki ya kuuliza: nchi ndogo hivyo ina hatari gani ya kutakatisha fedha haramu? Jibu langu ni kwamba hatari ya kisiwa haipimwi kwa wanaokaa humo. Inapimwa kwa wanaotumia jina lake wakiwa mbali.

Tangu mwaka 1994 Shelisheli ina sheria ya kampuni za biashara za kimataifa, iliyoandikwa upya mwaka 2016. Tazama jinsi kampuni hizo zinavyozaliwa. Mtu aliyeko Hong Kong au Dubai hapandi ndege. Anampa kazi wakala mwenye leseni mjini Victoria, wakala anapeleka makaratasi kwa msajili na kulipa ada, na baada ya muda mfupi cheti kimetoka. Mkurugenzi mmoja na mwanahisa mmoja wanatosha, na wote wawili wanaweza kuwa mtu yule yule, au mtu aliyelipwa ili jina lake litumike. Anwani ya kampuni ni ofisi ya wakala, ambayo ni anwani ya kampuni nyingine chungu nzima. Akaunti ya benki inafunguliwa nchi ya tatu. Hadi mwaka 2013 iliwezekana hata kuwa na hisa zisizo na jina, mwenye karatasi mkononi ndiye mwenye mali.

Ushawishi wa fedha za namna hii ulifika mbali zaidi mwaka 1995, serikali ya Rais France-Albert René ilipopitisha sheria ya kumkinga na mashtaka mwekezaji atakayeleta dola milioni 10, na mali yake isikamatwe. Mwanzoni mwa 1996 FATF, kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kilitoa onyo la wazi dhidi ya sheria hiyo. Haikuwahi kuanza kutumika, na mwaka 2000 ilifutwa. Ni haki kuwahesabia hilo Washelisheli: walirudi nyuma kabla mlango haujafunguliwa.

Sasa tathmini. Tangu 2012 FATF inazitaka nchi zote zipime hatari zake zenyewe, yaani tishio, udhaifu na madhara. Mpimaji anayeanza na uhalifu wa ndani ya Shelisheli atakutana haraka na heroini, inayoshuka na majahazi kutoka pwani ya Irani na Pakistani na imewaumiza sana vijana wa visiwa hivyo. Akiishia hapo ameona nusu tu. Nyaraka za Panama, zile zilizovuja na kuchapishwa mwaka 2016, zilionyesha kuwa Shelisheli ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo wakala mkubwa Mossack Fonseca alizitumia zaidi kusajili kampuni. Fedha za kampuni za namna hiyo kwa kawaida hazipiti benki za Mahé, kwa hiyo hazionekani katika takwimu za kisiwa. Ufadhili wa ugaidi ni mgumu zaidi kuugundua, kwa kuwa mara nyingi hutumia kiasi kidogo, na mshukiwa hahitaji kuwa na jamaa hata mmoja kisiwani.

Wapo wanaosema huu ni uonevu wa wakubwa, na hoja yao ina uzito. Umoja wa Ulaya uliiweka Shelisheli katika orodha yake ya nchi zisizoshirikiana katika kodi mwaka 2020, ukaitoa 2021, ukairudisha 2023 na kuitoa tena 2024. Wakati huohuo, Machi 2025, Marekani iliziondolea kampuni za ndani wajibu wa kutaja wamiliki wao halisi. Upendeleo huo ni wa kulaaniwa. Lakini mwenye kuibiwa haponi kwa sababu hakimu ana makosa yake. Tena ada za usajili zinanufaisha wachache, ilhali benki kubwa za nje zinapoingiwa na hofu na kukata uhusiano, anayeumia ni mvuvi na mwenye nyumba ya wageni.

Wengine watauliza Ufipa, huku kwetu Rukwa, inahusikaje. Tanzania yenyewe iliwekwa katika orodha ya kijivu ya FATF, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022, ikatoka Juni 2025. Na hapa kwetu mahindi ya Laela na Matai hununuliwa sana kwa fedha taslimu, huku mpaka wa Kasesya, wa kuingia Zambia, ukiwa jirani. Tuseme mnunuzi ni kampuni iliyosajiliwa Victoria. Tangu 2020 Shelisheli ina daftari la wamiliki manufaa, yaani wamiliki halisi, kama sheria yetu inavyoitaka BRELA, msajili wetu wa kampuni, itunze lake, lakini lile linakaa kwa kitengo chao cha upelelezi wa fedha na si la umma. Afisa wa benki wa Sumbawanga akimtilia shaka mnunuzi huyo, taarifa yake itapitia Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, nacho kitamwandikia mwenzake wa Victoria. Mpimaji yeyote wa hatari za Shelisheli angeanzia hapo: jibu linarudi baada ya siku ngapi, na je, jina lililomo ni la mtu au ni la kampuni nyingine?